Dola Kumi kwa Siku Zisizokuwa Kumi

Mikocheni ilipata jina lake kutokana na mikoche, ile miti ya jamii ya mnazi ambayo shina lake hugawanyika kama panda. Mikoche yenyewe leo ni ya kutafutwa. Mahali pake pamesimama nyumba za ghorofa, vyuo, viwanda vidogo vidogo, na kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia maradhi na mbegu za minazi, kazi ambayo ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia hawahitaji kuelezwa umuhimu wake. Na katika miaka ya karibuni pamezuka biashara nyingine isiyokuwa na moshi wala kelele. Ni ofisi za vyumba viwili au vitatu ambazo kazi yake ni kuwawekea watu matangazo katika intaneti, na wateja wake wengi ni watu wa visiwani wenye nyumba za wageni.

Tulikuwa katika mojawapo ya ofisi hizo, kando ya Barabara ya Mwai Kibaki ambayo wakongwe bado huiita Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, wakati alipoingia bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba 8 huko Jambiani. Alikuwa amevuka kwa boti ya asubuhi, na mkononi alishika taarifa ya benki iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mama," kijana wa ofisi alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mimi nilikwambieni kumi. Dola kumi kwa siku. Hebu nisomee hapa, hii kumi na tisa imetoka wapi?"

Kijana aliisoma, akatabasamu kidogo, akasema: "Mama, ile kumi ni wastani."

"Wastani wa nini?"

Kijana hakuwa na jibu jepesi, na kwa kuwa ofisi ilikuwa na wateja wengine, swali lilibaki juu ya meza. Bibi yule alikwisha kulifunga tangazo lake tangu tarehe 9 ya mwezi, kwa kuamini kwamba ameibiwa. Sisi twaona kwamba swali lake ni la haki kabisa, na kwamba halimhusu yeye peke yake. Linazihusu pia ofisi za Serikali, za Muungano na za Zanzibar, ambazo siku hizi hutumia fedha za umma kutangaza vivutio, sherehe na huduma kwa njia hii hii. Kwa hiyo tumelichukua swali hilo tulijibu hapa.

Hapana budi kwanza tuieleze biashara yenyewe, kwani wapo wasomaji wetu wanaoiona kila siku bila ya kujua kuwa ni biashara. Sisi wa magazeti tumezoea kuuza nafasi kwa inchi na safu. Mwenye duka hulipa, tangazo likatoka, na kama lilisomwa au lilifungiwa maandazi, fedha yake imekwisha kupokewa. Redio nayo huuza muda. Katika matangazo ya mbofyo mambo ni kinyume. Tangazo laweza kuonyeshwa mara elfu pasipo malipo yoyote. Deni huzaliwa pale tu mtu anapolibofya. Mpango huo ulianza kuenea mwaka 1998 huko California kwa kampuni iliyoitwa GoTo.com, iliyoasisiwa na Bill Gross. Google walianzisha mfumo wao wa matangazo Oktoba 2000, na mwaka 2002 wakaanza kutoza kwa mbofyo na kwa mnada.

Mnada huo haupigiwi kengele. Mtu aliyeko Milano akiandika katika simu yake kwamba anatafuta hoteli ya bei nafuu Zanzibar, basi katika muda usiofika nukta moja wenye hoteli wote waliojiandikisha kwa maneno hayo hushindanishwa. Aliyezoea mnada wa samaki pale Malindi au Feri ataelewa nusu ya jambo hili. Nusu ya pili ni ngeni kwake. Anayeshinda si lazima awe yule aliyetaja bei kubwa kuliko wote, maana tangazo hupimwa pia kwa ubora wake na kwa namna linavyolingana na alichokitafuta mtu. Na mshindi aghalabu hulipa kiasi kinachotosha kumzidi anayemfuatia, si bei yote aliyoitaja. Kwa hiyo bei ya mbofyo mmoja haijulikani mpaka mbofyo wenyewe utokee. Asubuhi yaweza kuwa senti 40 za dola, jioni ikawa dola 2.

Ndiyo sababu ya kuwapo kwa ukomo. Maadamu muuzaji hajui ni watu wangapi watabofya, wala mnunuzi hajui kila mmoja atamgharimu kiasi gani, lazima pawepo na mahali pa kusema basi. Mwenye tangazo huulizwa: uko tayari kutumia kiasi gani kwa siku? Bibi wa Jambiani alijibu kumi.

Basi wastani wa nini? Ni wastani wa mwezi. Katika mfumo wa Google, tarakimu ile inayoandikwa mahali pa bajeti ya siku haizuii siku moja moja. Kompyuta huichukua na kuizidisha kwa 30.4, ambayo ni siku 365 za mwaka zilizogawiwa kwa miezi 12. Jumla inayopatikana ndiyo ukomo wa mwezi. Kwa anayesema dola 10, ukomo wa mwezi ni dola 304. Ndani ya mwezi huo, siku yoyote moja yaweza kula hadi mara mbili ya tarakimu ya siku, yaani dola 20, ili siku yenye watafutaji wengi ifidie siku yenye wachache. Kabla ya Oktoba 2017 ziada hiyo iliishia kwenye asilimia 20 tu, kwa maana ya dola 12 kwa mwenye kumi. Tangu wakati huo imekuwa mara mbili. Kama kompyuta zikiteleza na mibofyo ikapita mipaka hiyo, kampuni yenyewe ndiyo inayobeba ziada, na mteja hatozwi.

Kwa hiyo ile 19 ya bibi yetu haikuwa wizi. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, msimu umepamba moto, watu Ulaya wako majumbani wakipanga safari. Mfumo uliona soko limejaa, ukatumia zaidi. Taarifa ya benki yake ilionyesha kwamba katika siku 9 zilikatwa dola 131, ambapo yeye alitegemea 90. Lau angaliendelea hadi tarehe 31, mfumo usingaliweza kumtoza zaidi ya dola 173 kwa siku 22 zilizobaki, ambazo ni pungufu ya dola 8 kwa siku. Yaani uzito wa mwanzo wa mwezi ungalirudishwa kwa wepesi wa mwisho wake. Lakini yeye alifunga tarehe 9. Alilipa siku zile nzito, akaondoka kabla ya zile nyepesi. Wastani humlinda aliyebaki mpaka mwisho wa mwezi, na humwacha mikono mitupu aliyetoka katikati.

Hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa mahali alipotia saini, na kijana aliyempokea fedha zake hakumweleza. Tunasema hivyo bila ya kumtaja mtu, kwa sababu tumekwenda katika ofisi tatu za Mikocheni, na katika mbili kati ya hizo tuliambiwa kwa ujasiri kwamba bajeti ya siku "haivukiki". Inavukika, na kuvuka kwake ndiyo kanuni ya mfumo wenyewe.

Sasa tuje kwa maofisa wa Serikali. Hawa wana shida ya pekee, nayo imo katika neno lenyewe. Katika lugha ya Hazina, ukomo wa bajeti ni kiasi ambacho fungu halitakiwi kukipita. Afisa Masuuli akikiuka, atajibu hoja mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na baadaye mbele ya kamati ya Bunge au ya Baraza la Wawakilishi. Ofisa aliyelelewa katika nidhamu hiyo anapoona kwenye kompyuta maneno yanayomwomba aandike bajeti ya siku, huandika akiamini kwamba anaandika ukomo wa aina ile ile. Twamhurumia. Neno ni lile lile, lakini linasema jambo jingine.

Tuchukue mfano. Tuseme ofisi moja imeamua kutangaza Mwaka Kogwa wa Makunduchi kwa siku 4, na imeidhinishiwa dola 400. Ofisa mwangalifu atagawa 400 kwa 4, apate 100, aandike 100 mahali pa bajeti ya siku. Sherehe ikavuma, watafutaji wakawa wengi, na kila siku mfumo ukatumia hadi mara mbili. Siku ya nne jioni deni laweza kufika dola 800. Je, ukomo wa mwezi umekiukwa? Hata kidogo, kwani ukomo wa mwezi kwa tarakimu ya 100 ni dola 3,040. Kwa macho ya kompyuta, ofisi hiyo imetumia robo tu ya ilichoruhusu. Kwa macho ya mkaguzi, imetumia maradufu ya ilichoidhinishiwa, na hati ya malipo haina pa kujibanza.

Dawa ya mfano huu ni rahisi mno, ndiyo maana yatuuma kuona haitumiki. Kwa tangazo la siku chache, igawiwe kwanza fedha yote kwa siku, kisha iandikwe nusu yake. Ofisa angaliandika 50, siku mbaya kuliko zote ingalikula 100, na siku 4 zisingalizidi 400. Huenda asiitumie yote, na hapo atarejesha salio kama anavyorejesha masurufu yasiyotumika. Iko njia nyingine pia: baadhi ya mifumo, ukiwamo ule wa Facebook na Instagram, huruhusu kutaja fedha ya kampeni nzima badala ya fedha ya siku, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kwa sherehe, tamasha au mkutano wenye tarehe zake, huo ndio mpango unaolingana na namna Serikali inavyofikiri.

Mwezi wa Februari nao una mtego mdogo. Ni mwezi wa Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na hoteli nyingi za Mji Mkongwe hutangaza kwa nguvu. Mwenye dola 10 kwa siku atapiga hesabu ya siku 28 apate 280. Mfumo haukubadilisha 30.4 yake kwa sababu ya Februari, hivyo waweza kufika 304. Dola 24 si fedha ya kumlaza mtu njaa. Lakini ofisi yenye tarakimu ya dola 1,000 kwa siku itaona 2,400 za ziada, na hizo ni fedha za kuandikiwa barua.

Na anayebadili tarakimu katikati ya mwezi ajue kwamba hesabu huanza upya kutoka hapo alipo. Aliyeanza Septemba kwa dola 10, akatumia 180 katika siku 15, kisha akashusha hadi 5, hatarudi nyuma afidiwe ile 30 iliyozidi. Ukomo wake mpya ni 180 alizokwisha kuzitumia, kujumlisha 5 kwa kila siku iliyobaki. Kwa siku 15 zilizobaki ni 75, jumla 255. Tena, anayepandisha na kushusha mara nyingi katika siku moja, mfumo hushika ile tarakimu ya juu kuliko zote alizozigusa siku hiyo na kuizidisha mara mbili. Wale wenye tabia ya kujaribujaribu vitufe wakati wa kunywa chai wachukue tahadhari.

Yako pia mambo ambayo ukomo hauwezi kuyafanya hata ukiandikwa kwa busara yote. Ukomo hausemi mbofyo mmoja uwe bei gani. Kwa dola 10, bei ikiwa senti 50, wageni 20 wataingia dukani. Bei ikiwa dola 2, wataingia 5. Aghalabu wenye matangazo huiachia kompyuta ipange bei yenyewe, wakaiambia itafute mibofyo mingi iwezekanavyo. Hapo ukomo hugeuka. Kompyuta haiusomi tena kama mpaka wa kutovuka. Huusoma kama amri ya kuitumia fedha yote. Itatafuta mahali pa kuitumia, na isipopata mibofyo mizuri itanunua mibaya. Wasomaji wetu waliowahi kufanya kazi katika ofisi ya umma inapokaribia Juni 30 wataitambua tabia hiyo mara moja, na hatuna haja ya kuongeza neno.

Kutoka ukomo unapokuwa mkubwa mno, twende unapokuwa mdogo mno, ambayo ndiyo hali ya wengi wa visiwani. Mfumo hujaribu kuigawa fedha katika saa za siku nzima ili isiishe asubuhi. Zamani ilikuwapo njia ya kuiamuru itumie haraka haraka mpaka iishe, lakini kwa matangazo ya utafutaji Google waliiondoa mwaka 2019. Sasa fedha ikiwa ndogo kuliko soko, mfumo hulionyesha tangazo kwa baadhi ya watafutaji na kulificha kwa wengine. Mwenye nyumba ya wageni akijitafuta mwenyewe katika simu asijione, hudhani ametapeliwa. Yumo, lakini fedha yake haitoshi kumweka mbele ya kila mtu. Na twawasihi wenye tabia ya kujitafuta kutwa nzima na kujibofya waiache, maana wanajitoza wenyewe.

Hapo ndipo linapokuja suala la saa, ambalo tuliketi nalo jioni nzima kwa sababu lilitushangaza. Siku ya akaunti huanza saa 6 usiku kwa saa za mahali palipochaguliwa siku akaunti ilipofunguliwa. Akaunti nyingi za Mikocheni zimewekwa saa za Dar es Salaam, kama ilivyo kawaida. Sasa tuangalie mwezi wa Julai. Saa 6 usiku ya Dar es Salaam, huko New York ni saa 11 jioni. Kwa hiyo kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi yetu, sisi tumelala, Wamarekani wako sebuleni na simu mkononi, na siku mpya ya fedha zetu imeanza na wao. Waitalia, ambao pwani ya Kiwengwa imewazoea kwa miaka mingi, wako nyuma yetu kwa saa 1 tu katika majira hayo. Jioni yao ya kupumzika, kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku wa Roma, kwetu ni saa 3 hadi saa 6 usiku, yaani mkia wa siku ya akaunti.

Matokeo yake ni haya. Mwenye vyumba 8, mwenye dola 10, aliyeacha tangazo lake lionekane dunia nzima, huanza siku kwa kuwalipia Wamarekani, ambao mibofyo yao mara nyingi ni ghali kwa kuwa washindani ni wengi. Mibofyo mitatu au minne huyala yote. Mfumo hujitahidi kugawa, lakini dola 10 kwa bei ya dola 2 au 3 ni mibofyo michache mno kugawika. Jioni, Mwitalia ambaye angalikuja kweli na familia yake hutafuta, na nyumba ya Jambiani haimo. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na taarifa ya mwezi itasema kwamba bajeti ilitumika ipasavyo.

Ukomo wa dola 10 uliofungwa kwa nchi mbili na kwa saa sita za jioni una nguvu kuliko dola 30 zilizomwagwa duniani kote. Kuchagua nchi na saa ni jambo linaloruhusiwa na halina malipo ya ziada. Tulipomwuliza kijana wa ofisi ya kwanza kwa nini hakumpangia bibi yule saa, alisema kwa unyofu kwamba ofisi hulipwa asilimia ya fedha inayotumika. Hatukuhitaji kuuliza zaidi, ijapokuwa twaona kwamba mkataba wa namna hiyo unamfanya mlinzi wa ghala alipwe kwa kila gunia linalotoka.

Wenyeji wa visiwa wana kalenda yao nzuri kuliko ya kompyuta. Wanajua kwamba masika, kuanzia Machi hadi Mei, hoteli kadhaa hufunga milango kutengeneza paa. Kwamba Julai na Agosti, kusi ikivuma, wageni humiminika. Kwamba Desemba hadi Februari kaskazi huleta kundi jingine. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na hawakuja kwa mafungu sawa ya mwezi. Hata hivyo tuliziona akaunti zilizobeba tarakimu ile ile ya siku kutoka Januari hadi Desemba, kama mshahara. Mtu huyo huyo asingepeleka ngalawa yake baharini kwa mpango mmoja wakati wa kusi na wakati wa kaskazi.

Kuhusu Facebook na Instagram, hatutakaa sana, kwa kuwa mpango unafanana. Tofauti ni kwamba wastani wao ni wa juma. Siku moja yaweza kuzidi tarakimu iliyoandikwa, lakini juma zima, kutoka Jumapili hadi Jumamosi, halitazidi mara 7 ya tarakimu hiyo. Anayeitumia mifumo yote miwili asichanganye hesabu mbili hizo, na akumbuke kwamba kila kampeni ina tarakimu yake. Mwenye kampeni 6 za dola 10 hana bajeti ya 10. Ana ya 60.

Je, hakuna ukuta kamili mahali popote? Upo, ila haupo pale mtu anapouangalia. Facebook wanao ukomo wa akaunti nzima, ambao ukifikiwa matangazo yote husimama mpaka mwenyewe auinue au aanze kuhesabu upya. Iko pia njia ya kulipa kabla, ambapo fedha iliyowekwa ikiisha matangazo hukoma. Na wako wanaotumia kadi ya mtandaoni ya benki au ya kampuni ya simu yenye salio lile lile lililokusudiwa. Kadi ni ukuta wa nje, nao una aibu zake: deni laweza kubaki katika akaunti, na akaunti ikafungwa hadi lilipwe. Lakini kwa ofisi ya umma, malipo ya kabla pamoja na ukomo wa akaunti ndiyo yanayokaribiana na masurufu, na hatuoni sababu ya ofisi kuunganisha matangazo yake na kadi isiyokuwa na mpaka.

Kodi nayo ina mkono katika jambo hili. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, kuanzia Julai 1 mwaka huo, kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali Tanzania Bara zilitakiwa kujiandikisha Mamlaka ya Mapato na kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na kodi ya mapato ya asilimia 2 ya mauzo yao hapa. Ukomo wa bajeti tuliokuwa tukiueleza hauhesabu kodi. Kodi inapotozwa huongezwa juu ya gharama. Zile dola 800 za Makunduchi zikiongezwa asilimia 18 huwa 944. Na kwa kuwa Kodi ya Ongezeko la Thamani si jambo la Muungano, mwenye hoteli Unguja anayelipia tangazo kupitia ofisi ya Mikocheni aiulize mapema Mamlaka ya Mapato Zanzibar namna ya kuziingiza hati za namna hiyo katika vitabu vyake, asingoje siku ya ukaguzi. Dola nazo hubadilishwa kwa bei ya benki ya siku ile, si kwa bei iliyoandikwa katika makisio ya mwaka.

Yako mambo tunayowaomba wenye mamlaka. Wizara na Kamisheni ya Utalii Zanzibar wangeweza kutoa karatasi moja ya Kiswahili, ya kurasa mbili tu, inayoeleza kanuni ya 30.4 na ya mara mbili, na kuisambaza kwa wenye nyumba ndogo za wageni kupitia shehia. Hazina zote mbili zingeweza kuagiza kwamba hati yoyote ya malipo ya matangazo ya mbofyo ioneshe tarakimu tatu: ya siku iliyoandikwa kwenye mfumo, ya siku mbaya kuliko zote, na ya mwezi, pamoja na kodi. Mkaguzi akiziona tatu pamoja hatakuwa na hoja, na ofisa hatakuwa na hofu. Na ofisi za Mikocheni, ambazo hatuna ugomvi nazo kwa kuwa zinawapa vijana kazi ya heshima, zimweleze mteja kwa sauti kwamba kumi si kumi.

Bibi wa Jambiani tulimkuta tena saa 9 alasiri, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ile, na kijana yuko karibu yake na karatasi. Walikuwa wakiandika upya. Italia na Ujerumani tu. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 6 usiku. Dola 6 kwa siku, si 10. Bibi alimfanya kijana aandike chini yake, kwa kalamu, dola 12, kisha dola 182 na senti 40, akapiga mstari chini ya hiyo ya mwisho mara mbili.

"Na hii?" aliuliza, akigusa ile 12.

"Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote, mama."

"Haya. Hiyo nitaivumilia," alisema, akaikunja karatasi mara nne, akaondoka kuiwahi boti ya jioni.